Damu Safi ya Mado

Mado wa mtaa wa Kapata alikuwa na kisukari tangu ujana wake, na tusimwonee: alikitunza vizuri. Sindano asubuhi, sindano jioni, ugali kwa kiasi. Wauguzi wa zahanati walimtoa kama mfano kwa wagonjwa wavivu. Tatizo lilikuwa Kanada, alikokuwa akisubiriwa na mumewe Mukuna, na ambako, kwa mujibu wa kila mwenye mdomo hapa Kolwezi, mgonjwa hapokelewi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuomba visa. Vipimo vilifanyika Lubumbashi, kwa daktari aliyeteuliwa na Kanada. Kama angekwama pale, ndoa yake ingebaki ndani ya simu. Mado aliogopa mpaka akakosa usingizi.

Mama mkwe wake, Mama Henriette, mwimbaji wa kwaya na mwanamke asiyekosa jawabu, alikuwa na mpango.

"Tutafunga na kuomba," alisema. "Kama haukule, sukari itatoka wapi mu damu?"

"Na sindano, mama?"

"Leka sindano. Bataona dawa mu damu, batajua uko mugonjwa."

Ilisikika kama akili. Tangu Ijumaa Mado hakula wala hakujichoma, na wanakwaya walimwimbia sebuleni. Jumatatu wakapanda gari kwenda Lubumbashi, nyuma ya malori ya shaba. Mado alimaliza chupa baada ya chupa ya maji, na ulimi ukabaki mkavu. Walipofika Likasi alitapika dirishani.

"Ni sukari njo inatoka," alisema Mama Henriette, akimpapasa mgongo.

Daktari Kabemba alimtazama Mado akiingia na hakupenda alichokiona.

"Mama, uko na maladi gani ya zamani?"

Alikuwa amefundishwa kusema hana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini chumba kilianza kuzunguka, akashika ukingo wa meza, na hofu ya kufa ikaishinda hofu ya kukataliwa.

"Sukari," akasema. "Nimeacha sindano tangu Ijumaa."

Daktari akamtoboa kidole. Hata bila chakula, kwa kukosa insulini, sukari ilikuwa imepanda mpaka kipimo kikashindwa kutoa namba. Wakamlaza upesi, wakamtundikia maji, wakamchoma insulini. Mama Henriette aliachwa nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwomba ushauri.

Jioni, akili ilipomtulia, Mado aliuliza, "Docteur, visa yangu imekufa?"

"Sijue. Beko wengi benye sukari bamepita hapa, na bameenda. Banataka kuona kama mutu anaitunza." Daktari akavua miwani. "Ungekuja na sindano yako, ningeandika iko muzuri. Sasa nitaandika ile nimeona."

Mado akageukia ukuta na kulia kwa hasira. Miaka yote hiyo aliishi vizuri na ugonjwa wake, akaja kuugua kwa ajili ya mtihani wa afya.

Simu ikalia. Mukuna alitaka kujua kama mkewe amepita. Mado hakuwa na nguvu ya kusema, akampa Mama Henriette, aliyekuwa ameingia kimyakimya na kusimama miguuni pa kitanda. Mama mkwe aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kulaumu barabara, joto, au shetani. Sababu hakuwahi kuzikosa.

"Mukuna, mutoto wangu," alisema, "ni mi njo nilimukataza sindano."