Kiapo cha Dakta Opoka

Pasi ya makaa ilikuwa bado ya moto Adong alipoiweka chini na kuiacha sare ya kapteni nusu, mkono mmoja umenyooka, mwingine una makunyanzi. Kapteni, mteja wake wa kufuliwa, angenuna. Anune! Ilikuwa Ijumaa, na jaji alishasema wazi: kiapo cha daktari kifike masijala ya mahakama kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kesi ya matibabu ya Odyek inatupwa.

Odyek ni mwanawe. Huu ni mwaka wa tatu yuko rumande, eti anangoja kesi ya pikipiki ya wizi, na ana ugonjwa wa sukari. Alitokwa na kidonda kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, zahanati ya gereza ikakitibu kwa Panadol miezi minne, mpaka mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Sasa wa kushoto umeanza kutoa maji. Adong hakuwa na haja ya fidia, jamani. Alitaka tu mahakama iamuru mtoto apelekwe hospitali kubwa kabla na huo haujakatwa.

Lakini ukitaka kusema mfungwa alitibiwa vibaya, lazima daktari aape. Na hao madaktari! Wa kwanza alisema yeye na yule wa gereza walisoma darasa moja, hawezi kumchongea. Wa pili alikuwa mtu mwema, akakubali, ila lazima auone mguu kwanza. Gereza likasema daktari wa nje haingii bila amri ya mahakama. Mahakama ikasema amri haitoki bila kiapo cha daktari. Adong alizungushwa hapo wiki tano, mpaka visigino vya viatu vikaisha.

Ndipo alipomwendea Opoka. Kule Mbuya, kwenye nyumba za mabati chini ya kambi ya jeshi, hakuna asiyemwita Dakta. Miaka kumi na tisa alifunga vidonda vya askari vitani kaskazini, akazalisha wake za makoplo, na tangu astaafu watu humgongea mlango badala ya kupanga foleni hospitali. Siku ya kuwaona wafungwa alijiandikisha kama mjomba, akamwambia Odyek aulete mguu kwenye wavu, akaubonyeza kwa kidole, akanusa.

"Hii bado inapona," alisema. "Lakini si kwa Panadol."

Kwa hiyo Mumbere, wakili kijana wa msaada wa bure, mwenye mafaili mpaka sakafuni, alipouliza, "Mama, mmepata daktari?" Adong alijibu bila kupepesa macho, "Tunaye. Dakta Opoka." Hakudanganya, ndivyo alivyomjua, na ndivyo kambi nzima ilivyomjua. Mumbere akapiga chapa, Opoka akaapa mbele ya kamishna wa viapo, na wakili akawaambia waipeleke hati wenyewe kwa sababu yeye alikuwa na kesi nyingine.

Saa tisa na nusu walikuwa dirishani pa masijala, Opoka kavaa koti lake la kanisani. Karani, mwanamke anayeitwa Rosalba, alisoma karatasi hadi mwisho.

"Daktari, namba yako haimo humu. Nitajie niijaze."

Opoka akabana visigino, kifua mbele. "Sifuri saba mbili nne tisa, Koplo Opoka, kikosi cha tiba!"

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Rosalba hakucheka.

"Mzee, hiyo ni ya jeshi. Nataka ile ya kusajiliwa udaktari."

"Mimi iko na hii tu."

"Ulisomea wapi?"

"Vitani."

Rosalba akamgeukia Adong, akashusha sauti. "Nyabo, nikigonga muhuri hapa, Jumatatu wakili wa serikali ataitafuta namba. Akiikosa, huyu mzee analala ndani. Watasema amejifanya daktari, na ameapa uongo."

"Gonga tu," Opoka alisema. "Mimi nimezeeka. Kijana apone."

Adong alimtazama mzee, akaitazama saa ya ukutani. Neno lake moja tu, na karatasi ingepita. Pengine jaji angesoma mapema. Pengine hakuna ambaye angeuliza. Alitamani, Mungu anajua alivyotamani. Kisha akaivuta karatasi.

"Sitamtoa mwanangu kwa kukuingiza wewe," alisema. Akamgeukia karani. "Futa hilo Dakta. Andika mzee aliyeuona mguu."

"Naweza kuandika. Ila jaji anataka mtaalamu. Bila mtaalamu kesi imekufa, mama. Pole, bambi."

Saa kumi dirisha likafungwa. Adong aliketi kwenye ngazi za nje, Opoka kando yake. Adong alikuwa amechoka hata kulia kulikuwa kazi.

Wakasikia viatu nyuma yao. Ni Rosalba, mkoba begani. Alitazama huku na huku, akachuchumaa.

"Dakta," alisema. "Mama yangu ana sukari. Tuko naye Kisugu. Ana kidonda kisiginoni, wiki ya tatu, wanampa vidonge na hakikauki. Nifanye nini?"

"Kinanuka?"

"Kidogo."

"Pembeni iko nyeusi? Ukimgusa anasikia?"

"Pembeni peusi. Hasikii." Rosalba alikwisha toa kalamu na karatasi.

"Usimkande na maji moto. Asikanyage chini. Mpeleke hospitali kubwa leo. Kesho hapana."

Hasira ilimpanda Adong. "Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Kwa hiyo unamwamini."

Rosalba aliinamia karatasi yake. "Namwamini," akasema kwa sauti ndogo.

Adong angeweza kumvuta Opoka waondoke, na alitaka kufanya hivyo, kweli kabisa. Lakini bibi wa Kisugu alikuwa amemkosea nini?

"Mwambie yote, Dakta," alisema. "Angalau huyo bibi asimngoje jaji."

Opoka akaanza tena tangu mwanzo, polepole, na karani wa mahakama akaandika kila neno lake.