Vinasaba vya Kadogo

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, daktari wa damu alituita mimi na mume wangu katika chumba chake chembamba kilichokuwa mkabala na wodi. Humo wodini alikuwa amelazwa kitinda mimba wetu, tunayemwita Kadogo. Alikuwa na saratani ya damu ya aina adimu, ile inayokwenda mbio, na dawa za kwanza zilikuwa zimegonga mwamba.

"Nataka tumpime vinasaba," daktari alisema. "Nahitaji sahihi zenu nyote wawili."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, aliirudisha kalamu mezani. "Mtoto huyu ni wangu, daktari. Sikuja hapa kuulizia hilo." Akatoka. Muuguzi naye akamwita daktari kwa mgonjwa mwingine, mambo yakaishia hapo.

Nyumbani, wifi yangu alichochea moto. "Kaka, watu hupimwa vinasaba wakitiliwa shaka. Daktari ameona nini?"

"Ameona damu ya mtoto," nilisema.

"Mbona umebadilika sura, wifi?"

"Nimechoka. Hebu mfikirie Kadogo: kidevu ni cha kaka yako, na ubishi ni wako wewe. Angekuwa wa jirani, si angekuwa mpole?"

Mume wangu nusura acheke, lakini akajikaza. Alisema kwamba akitia sahihi, atakuwa amekiri mbele za watu kuwa anamshuku mkewe, na hilo hatalifanya. Nilielewa kwamba alikuwa akinilinda, na kwamba kunilinda huko kungemuua mtoto.

Kesho yake nilirudi kwa daktari peke yangu. Katika darasa la watu wazima, mwalimu wetu hutuhimiza kuuliza bila haya kila neno linapotutatiza. Nikauliza, "Vinasaba mnavyotaka kupima, mtavilinganisha na vya nani?"

Daktari alinitazama, kisha akashika kichwa. "Mama, simpimi baba. Napima ugonjwa."

Akaeleza kwamba vinasaba ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Katika chembe za damu zilizougua, wakati mwingine vipande viwili vya maagizo hayo hukatika na kuungana visivyo. Hapo chembe hupata amri ya kuzaana bila kukoma. Kasoro ya namna hiyo huzuka ndani ya damu ya mgonjwa mwenyewe, wala hairithiwi kwa baba au mama. Vipo vidonge vinavyoizima amri hiyo, lakini kwa mgonjwa asiye na kasoro hiyo havifui dafu.

"Mwambie baba yake hayo hayo," nilisema, nikampa simu.

Mume wangu alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe. Ungesema tangu jana kwamba unapima ugonjwa, daktari. Nakuja." Alifika na masizi mikononi, akatia sahihi.

Kasoro ilionekana, na Kadogo akaanzishiwa vidonge. Homa ilishuka. Alipopimwa tena uboho, ule urojo wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, chembe mbovu zilikuwa zimepungua sana, ingawa hazijaisha. Daktari ametuonya kwamba ugonjwa huu huweza kuizoea dawa, hivyo Kadogo anaandaliwa kupandikizwa uboho wa kaka yake. Kwa sasa anakula mwenyewe na kulalamika kwamba uji wa wodini hauna sukari.

Nawe uliyesoma haya, tafadhali msomee na asiyejua kusoma, ili asije akakataa kipimo kabla hajauliza kinapima nini.