Milango Isiyotazamana

Mchora ramani za nyumba alikuwa na msimamo mmoja kazini: mlango usitazamane na mlango. Jamani, huyu bwana aliwachukia majirani tangu utoto! Kwao uchochoroni nyumba zilibanana mpaka ukipiga chafya huku, unapewa pole kule. Akichapwa chumbani, mtaa mzima unajadili kabla machozi hayajakauka.

Basi alipojenga ghorofa lake la kupangisha, kila mlango aliuelekeza kwenye ukuta mtupu. Korido akaikata kona kwa kona, ngazini hakuweka hata pa kuegemea. Kisha akamhamishia mama yake humo.

Mama alikuja na mwiko wake. Kule uchochoroni, kila asubuhi aligonga ukuta kwa mwiko huo, na rafiki yake wa upande wa pili akajibu kwa kugonga. Maana yake: nimeamka salama. Asiyejibu, mlango wake unavunjwa. Rafiki huyo aliwahi kuokolewa hivyo, akiwa hajitambui kwa homa.

Huku, asubuhi ya kwanza tu alipogonga, mhasibu wa chumba cha upande wa pili akaja juu kwa hasira. Mchora ramani alitamani ardhi immeze.

"Usimjali, ndugu yangu," akasema akicheka. "Mazoea ya uchochoroni hayo. Agonge mpaka achoke."

Kwa mama hakucheka. "Unaniaibisha, mama. Wastaarabu hawagongi kuta."

"Na wakizidiwa?"

"Wanapiga simu."

Mama akaurudisha mwiko jikoni, na asubuhi zikapita kimya. Alikonda, maskini, lakini mwanawe hilo hakuliona. Aliona utulivu.

Siku moja mchora ramani alikuwa mbele ya matajiri, akijinadi kwa mfano wa ghorofa jingine, simu ikaita. Mhasibu. "Bi mkubwa ameanza tena. Anagonga tangu asubuhi, kichwa kinaniuma!"

Hasira zikampanda. Katika siku zote, kachagua leo! "Mwache," akanong'ona. "Atachoka mwenyewe."

Jioni mhasibu akampigia tena: amenyamaza, asante sana. Mchora ramani akalala usingizi mnono.

Kesho yake alikuja na maneno makali mdomoni. Akafungua kwa ufunguo wake, akaita, kimya. Simu ya mama ilikuwa mezani, kwenye chaji. Mama alikuwa sakafuni jikoni, mguu umepinda vibaya, mwiko mkononi, mwili umeshakuwa wa baridi. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka chini kabisa, pale unapofika mkono wa mtu aliyelala.

Alipiga mayowe. Akatoka koridoni akapiga mayowe tena, sauti ikagonga kona na kumrudia. Hakufunguka mlango hata mmoja. Ndivyo alivyolijenga ghorofa lake.

Akarudi, akapiga magoti, akauchomoa mwiko kwenye vile vidole na kuanza kuugonga ukuta kwa nguvu zake zote.

Upande wa pili mhasibu akafoka: "Bi mkubwa, tena? Mwanao amesema tukuache uchoke!"