Ndege Mwenye Macho Kisogoni

Uvumi ulimganda Godelieve kama kupe: ati ndege anayechorwa na bintiye Daniella ndiye aliyekausha bomba la maji. Ulianzia kwenye foleni ya madumu, hapo kambini Kakuma, siku ya tatu bila tone.

"Mama Daniella," jirani yake Nyandeng alimwambia, "ndege mwenye macho kisogoni si wa Mungu. Mtoto aache kumwita."

"Anachora tu, dada."

"Hata mlozi huanza na 'tu'."

Wanawake wakacheka. Godelieve hakucheka. Kwao Kongo, bundi akilia juu ya paa, watu hawalali. Akaenda nyumbani, akafungua daftari la Daniella, akasoma ukurasa ulioeleza macho hayo neno kwa neno, kisha akauchana na kuwashia jiko.

"Macho hayo usiyataje tena!" alimwambia mtoto.

Kesho yake fundi akatengeneza pampu, maji yakatoka. Kumbe ndege wa watu hakuwa na neno.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Daniella, Ekiru, akawapeleka mama na mtoto mjini Lodwar, kwenye maonyesho ya viumbe vya kubuni. Ruhusa ya kutoka kambini ilishapatikana. Mtoto mmoja tu angechaguliwa kufundishwa uchoraji mwaka mzima.

Daniella akaeleza vizuri: ndege wake hubeba maji kwenye mfuko wa shingo, na nyayo zake ni pana kama za ngamia, asizame mchangani.

Jaji, Bi Sally, akauliza, "Sasa akiinama kunywa, mwewe si atamla?"

Daniella akamtazama mama yake. Alikuwa amekatazwa kuyataja macho.

Godelieve akasimama. "Ukurasa niliuchoma mimi. Ana macho mawili kisogoni, yamefunikwa ngozi nyembamba ya kuzuia vumbi. Rangi hayaoni, yanaona kivuli tu. Na kivuli cha mwewe kinatosha."

"Umejuaje?"

"Nilisoma kabla ya kuchoma. Huyu mtoto wangu anaandika, mama! Hata mimi niliyeishia darasa la sita nilielewa."

Makofi yakavuma. Nafasi akapewa Daniella.

Siku hizi Godelieve huja bombani kichwa juu, akisalimu kwa Kiturkana. "Ejok! Mama wa ndege nimefika!"

"Nenda nyuma ya foleni," Nyandeng humjibu, "na macho yako ya kisogoni."

Basi, mama mwenzangu, epuka haya:

Usiwashe jiko kwa daftari la mtoto.
Usibebe maneno ya foleni hadi nyumbani kabla hujamwuliza fundi.
Usimwite mtoto mlozi, hata kwa mzaha.
Usimkataze jambo ambalo hujalisoma ukalielewa.
Ukikosea, usikae kimya huku mtoto amekwama.