Chumvi ya Mwana wa Zelonimu

...na bado wanawake kumi mbele yangu, kumi na mmoja ukimhesabu huyu mwenye pacha, na Padri anatoa chumvi kwa ncha ya kidole kama anayempaka mtu dawa ya jicho, chumvi yenyewe si yake, imebebwa na watu wa mji mkuu, lakini anaibana, na watoto wakishalamba tu mama zao wanaondoka, mwalimu wa kanisa anawakimbilia, rudini, maji bado, na mimi siwalaumu, tangu lini mtu wa Kongo aliyebatizwa akasema amemwagiwa maji, sote tunasema tumekula chumvi, maji hata bata anamwagiwa... tulia wewe, kidole cha bibi yako hakina maziwa... mtoto wa miezi tisa na uzito wa gogo, mgongo wangu unalia, na baba yake yuko kule kilimani kwenye kiti chenye mguu mmoja wa kufungwa kamba, kofia ya ufalme kichwani, anasubiri nirudi nimwambie mwanawe ameandikwa kitabuni Ndo Luvwalu mwana wa Ndo Zelonimu Mfalme wa Kongo, mfalme wa nini, mfalme wa mbuzi wawili na mtumishi kiziwi, kila asubuhi lazima tumpigie makofi kabla hajafungua kinywa, mimi na kiziwi, kiziwi anachelewa kila siku, na neno lenyewe likitoka ni maharage yangu yako wapi. Nilihangaika siku mbili kumzaa Zelonimu huyo. Misimu miwili ya mvua alikaa kwenye kiti cha enzi kule mji mkuu, miwili tu, siku ile wakubwa walipomvika taji kanisani mvua ilimnyeshea, wanawake wakasema ni baraka, nikasema ni paa, paa la kanisa limeanguka tangu enzi za babu zenu na hakuna mfalme aliyepanda kuliezeka, wanagombania tu nani azikwe chini yake, akanikasirikia, akaniweka nyuma ya wake za wazee kwenye maandamano, mama mzazi wa mfalme nikala vumbi la miguu ya watu, na wale wale waliompigia makofi ndio walioleta baruti... sogea basi, mama pacha, umeota mizizi... na alfajiri ile tulipokimbia mkwe wangu Klala alikuwa na mimba ya huyu, akajifungulia kwenye shamba la mtama, damu ikakataa kukoma, tukamfukia pale pale, yeye aliyekuwa akiringa kwamba atalala kanisani na malkia wenziwe, sasa yuko na panya wa mtama, maskini, alikuwa na mdomo lakini alikuwa na moyo.

Na Ntoni. Hapana, sitaki kumfikiria Ntoni hapa... usiku ule wa baruti nilimficha chini ya mkeka, nikakaa juu yake, bibi kizee mzima nimekaa juu ya mjukuu wa miaka saba kama kuku, na angetulia angepona, askari aliniamuru niinuke, akamuuliza mtoto, wewe nani, kwa upole, na mtoto akasimama wima, akakunja mikono kama alivyofundishwa na baba yake, akasema, "Mimi ni Ndo Ntoni, mwana wa Mfalme." Hilo Ndo. Silabi moja ya heshima wanayowekewa watoto wa wakubwa mbele ya jina, ndiyo iliyomuua, angesema Ntoni tu angekuwa mtoto wa mpishi, na mlangoni alikuwa amesimama Mikele, Mikele niliyemlisha jikoni kwangu miaka kumi na miwili, akageuza uso akatazama ukuta. Ndiyo maana leo nimeapa huyu ataitwa Mpolo, Mpolo bila Ndo, mtoto wa mpwa wangu wa bondeni, Zelonimu apasuke huko kitini.

Na yule pale mezani mwenye joho jekundu ni nani kama si Mikele, ndiye sauti ya mfalme mpya vilima hivi vyote, bila yeye Padri hapiti, ametoa tumbo, anawatania wanawake, huyu mtoto kafanana na baba au na jirani, wanacheka, meno nje, na mimi nimevuta kitambaa hadi kwenye nyusi, lakini anakuja, anapita kwenye mstari akigusa vichwa vya watoto, amesimama...

"Mama, umekonda."

"Macho yako ndiyo yamenenepa, Mikele."

"Wa nani huyu?"

"Wa mpwa wangu. Mpolo."

Amemtazama mtoto, mtoto naye mjinga kama baba yake amemchekea, na Mikele amesema polepole, "Mpwa wako kazaa paji la Zelonimu." Halafu, akigeuka, "Padri anaondoka kesho kutwa, Mama. Sisi tunabaki." Basi. Hakuita mtu. Amerudi mezani, anakuna shingo, na mimi nimwite nani, nikimbilie wapi na miguu hii, watanifuata hadi kilimani wamkute na yule mwenye kofia, nilidhani jina ni kichaka cha kumfichia mtoto, kumbe paji halina kichaka... wamebaki wanne, mtoto wa mbele kabisa anatema chumvi, mshenzi, chumvi nzima... marehemu mume wangu alikuwa mkali kuliko hawa wote, lakini alimkamata yule mkuu wa jimbo la Mbamba aliyechoma ghala zetu, akamfunga, panga liko mkononi, na mke wa yule mtu akaja akasema, bwana, binti yetu alikula chumvi mikononi mwako, wewe ndiye baba yake wa ubatizo, sisi ni ndugu mbele ya msalaba, na mume wangu alitukana hadi ukoo wa kumi, akamfungua, akampa mbuzi wa njiani, kwa sababu amwagaye damu ya mwana wake wa chumvi au ya mzazi wa mwana huyo hakuna Padri atakayemzika, na hawa wanaogopa kuzikwa nje ya kanisa kuliko wanavyoogopa kuua. Na mtu anayegeuza uso kutazama ukuta ana aibu mahali fulani, ndogo, kama punje... Mungu wangu, nafikiria nini. Mikono ile. Nimpe mikono ile... Zelonimu hatanisemesha tena mpaka nife, atasema mama ameuza nyumba yetu kwa mbwa, na Ntoni, Ntoni angesema nini, Ntoni hasemi, ndiyo shida yake, hasemi. Wawili mbele yangu. Nitatoa kitambaa usoni, nitasema jina lake lote, Ndo Luvwalu mwana wa Ndo Zelonimu, kwa sauti, hadi mwenye pacha asikie, hadi Padri aliandike, kisha nitamgeukia yule mwenye joho mbele ya wanawake wote aliowachekesha na kusema, Mikele, mwanangu, mtoto huyu hana baba wa ubatizo, mshike wewe alambe chumvi... mwanangu, ndiyo, neno hilo hilo la jikoni, nitalitoa hata likinikwangua koo... mmoja mbele yangu, na Padri anachovya kidole.