Kitufe cha Mvua

Biju wa Thrissur, kusini mwa India, alijiapiza kutembea kila alfajiri, akaweka kwenye simu programu huria ya kufuatilia mazoea. Mvua za Juni zikamfungia ndani, na programu ikamfutia mfululizo wake wote wa siku alizotembea. Biju ni fundi wa programu, na programu huria iko wazi kwa yeyote anayeweza kuirekebisha. Basi alfajiri zote zilizofuata alikaa kwenye kompyuta akiunda kitufe cha kusamehe siku za mvua. Wenye programu wakakipokea, na watu wa nchi za mbali wakamshukuru.

Mvua ilipokatika akamuuliza mkewe, Sindhu, "Raba zangu ziko wapi?"

"Nilimpa baba yako. Anatembea nazo kila alfajiri."

"Na mvua yote ile?"

"Mwenzio ana mwavuli."