Siku Nne za Yai Mtoni

Utotoni walimwita Yai, na jina hilo alilipata kihalali. Wenzake walipocheza mpira, yeye alikaa pembeni akiwashikia viatu. Walipokwenda kuteka maji, ndoo yake ilibebwa na mama yake. Baiskeli hakuigusa, kamba hakuivuta, nguo hakuikamua. Baba yake alikuwa fundi saa, mtoto ni huyo mmoja tu, na tangu binti akiwa na miaka sita mzee alishaamua kwamba ile mikono ni ya saa. "Mkono ukiota sugu hausikii tena," alikuwa akisema, na wa kubishana naye hakuwepo nyumba ile.

Sasa Yai alikuwa na miaka arobaini na sita, mama hayupo tena duniani, na kibanda cha saa kilikuwa chake. Kibanda chenyewe, tuseme kweli, kilikuwa kabati lenye mlango: meza, taa, kiti chake, na kiti cha baba yake aliyestaafu bila kustaafu. Kila asubuhi mzee alikuja akaketi, mikono kaisokomeza mifukoni, akamtazama binti akinyanyua kwa kibano skrubu ambayo wewe na mimi tungedhani ni vumbi. Pumzi kaibana, kichwa kakiinamisha. Mzee hakutia neno, na kwake kunyamaza ndiko kusifu.

Aliyeharibu mambo ni mteja waliyemwita Bwana Maji. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu porini kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki, kila mtu na chake na kasia lake. Kwa mara ya tatu mwaka ule alileta saa ileile, kioo kimejaa ukungu.

"Kaka, hii saa unaivaa au unaiogesha?" Yai alimuuliza.

"Dada, we njoo siku moja uone inakoogea."

Mzee alicheka. Yai naye alicheka, ila wiki nzima iliyofuata alijikuta anawaza huko saa inakoogea. Mwishowe alimwambia baba yake anakwenda kumwona binti wa mama mdogo, amejifungua. Na kweli alikuwa amejifungua, miezi mitano nyuma. Uongo ulikuwa hapo tu.

Siku ya kwanza mtoni alizunguka palepale kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Wenzake saba walishapotelea kwenye kona ya mto, naye bado anasalimiana na ukingo uleule. Bwana Maji alirudi kumfuata. "Unavuta kwa viganja, dada. Vuta kwa mgongo." Mgongo! Tangu azaliwe mikono yake ilikuwa ikifanya kazi kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda mbele, na huo mgongo aliujua kwa kuuma tu. Alijaribu. Kayaki ikaruka mbele, naye akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Siku ya pili walifika mahali mto unapobanwa na miamba na maji yanakwenda mbio. Alishuka akipiga kelele, yeye ambaye kazi yake ni kubana pumzi, na aliponyooka huku chini akiwa mzima, maji yakimchuruzika mpaka ndani ya masikio, aliuliza kama wanaweza kurudi juu waanze upya. Walimcheka sana.

Siku ya tatu mto ulipanuka ukatulia. Huku msitu, kule msitu, hakuna paa wala njia. Macho yake, yaliyozoea kuishia kidole kimoja mbele ya pua, yalikwenda mpaka vilimani na hakuna kilichoyazuia. Hapo alilia. Alilia kwa furaha, halafu akalia kwa hasira, kwa ajili ya baiskeli, na mpira, na viatu vya watu alivyovishika. Tena alikuwa na siku moja tu iliyobaki. Alikuwa bado yupo palepale na tayari anapatamani.

Siku ya nne malengelenge yalipasuka. Bwana Maji alimfunga bendeji. "Pole, dada, umeumia."

"Sijaumia," Yai alisema. "Nimechelewa."

Jumatatu alitoka stendi moja kwa moja hadi kibandani, begi bado linatiririka maji, kwa sababu mkunga mmoja, mteja wao, alikuwa anakuja saa nne kuchukua saa yake. Bendeji alizifungua mlangoni akazificha, akausukuma mlango kwa kiwiko. Mzee alikuwa ameshaketi. Yai aliwasha taa, akashika kibano, akanyanyua skrubu. Ikaruka. Akanyanyua nyingine, vidole vikatetemeka, nayo ikaruka. Ya tatu hata kuishika hakuweza. Tangu akiwa na miaka tisa hakuwahi kudondosha skrubu mbele ya baba yake.

"Nipe mkono," mzee alisema.

Alimpa. Mzee aliugeuza chini ya taa, akatazama ngozi iliyochunika. "Mtoto mchanga gani huyu anayechuna watu ngozi?"

Yai alisema yote. Kisha, kabla woga haujamrudia, akaongeza: "Na nataka kurudi, baba. Nautamani ule mto mpaka kifua kinaniuma."

Alingoja agombezwe. Badala yake mzee aliitoa mikono yake mifukoni, akaiweka mezani kando ya ile ya binti. Ilikuwa laini, safi, haina hata kovu, na ilitetemeka kuliko ya Yai. Ilikuwa na miaka sita ikitetemeka hivyo. Ndiyo maana kiti cha kazi kikawa cha binti.

"Hii yako itatulia lini?"

"Siku tatu, nne."

"Hii yangu haitulii. Na mimi sikupiga kasia popote. Hata ndoo sikubeba. Ndoo zote za nyumba ile alibeba mama yako. Mara moja tu aliniambia, baba watoto, nipokee, nimechoka. Nikamwonyesha mikono."

Baba yake alikuwa hajamtaja mama kibandani tangu wamzike.

"Ningeipokea leo," mzee alisema. "Wallahi ningeipokea." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Huko mtoni wanarudi lini?"

"Mwezi ujao."

"Nenda. Mkunga nitampigia, aje Ijumaa. Nilijua tangu uliposukuma mlango kwa kiwiko."

Alisimama, akainama, akashika begi.

"Baba, acha, ni zito."

"Najua ni zito," alisema, akalinyanyua. Alilibeba mpaka nyumbani, akilitua njiani mara tano, maji ya mto yakimlowesha suruali, na kila binti yake aliponyoosha mkono kumpokea alimkatalia.